Aya Niliyoiruka

Jumatano, Aprili 9

Nimepangiwa wafu. Shadya kapata pomboo wa Kizimkazi, kila Jumamosi atakuwa anapanda boti kwenda kuandika habari za jumuiya inayowalinda. Mimi nimepata Jumuiya ya Sitara ya Jang'ombe, wanawake wanaoosha maiti. Mwalimu Haitham alisoma orodha kwa ile sauti yake ya redio, na alipofika kwenye jina langu, Khairat, darasa zima likaangua kicheko. Mpango wenyewe ni huu: sisi wa mwaka wa tatu tunaosomea uandishi, muhula huu kila mmoja anaipa jumuiya moja kalamu yake bure. Unaiandikia makala ya kuitangaza, unaiandikia ombi la msaada, unaifungulia ukurasa mtandaoni. Mwisho wa muhula makala zinashindanishwa.

Nimemwambia Mama. Kasema, "Alhamdulillahi, utajifunza." Nikamuuliza nitajifunza nini kwa maiti. Kasema nile kwanza, chakula kinapoa.

Jumamosi, Aprili 12

Mvua tangu alfajiri. Kutoka Mkunazini hadi Jang'ombe nilikuwa na viatu, kurudi vilikuwa mkononi.

Jumuiya haina ofisi. Ina baraza ya nyumba ya Bi Wanu, kabati la sanda na karafuu maiti, na kitanda cha kuoshea ambacho mbao zake zimeanza kuachana. Bi Wanu ndiye mkubwa wao. Nilitegemea mtu wa kunong'ona, mwenye tasbihi. Nimemkuta mwanamke mpana, tambuu shavuni, anawachambua wapita njia mmoja baada ya mmoja. Huyu kaongeza mke na wa kwanza hajajua. Yule anajifanya mgonjwa ili mkwewe ampikie. Yule pale kanunua televisheni ya mkopo na umeme hana. Nilicheka mpaka nikasahau kilichonipeleka.

Kisha nikamwambia, "Sasa Bi Wanu, nieleze ya kazi. Maiti gani hutomsahau maisha yako?"

Akatema tambuu pembeni. "Maiti hana habari, mwanangu. Walio hai nnakupa mpaka uchoke. Ukishaingia mle ndani, ulichokiona unakizika naye. Mtu kasitiriwa na Mungu umri wake wote, mimi n'nani nije nimfunue siku ya mwisho?"

Mwenzake, Bi Ulfat, mwembamba, asiyecheka, alikuwa anakata sanda. Akasema bila ya kuinua macho, "Ndo waandishi gani hawa tunaoletewa, wanataka habari za maiti?"

Wanachohitaji ni tangi la maji na kitanda kipya. Nyumba nyingi wanazoitwa hazina maji ya kutosha, inabidi wakaombe kwa majirani huku maiti kalala. Hivi sasa maji yamejaa mpaka vizingitini, na ya kumkoshea mtu hayapatikani.

Jumatatu, Aprili 14

Mvua. Nimeandika ukurasa mmoja. Haufai hata kufungia karanga.

Alhamisi, Aprili 17

Bi Wanu kanipigia simu asubuhi. Mmoja wao amezuiwa na maji kwao Mwanakwerekwe, anahitajiwa mtu wa kumimina. "Ulitaka kuijua kazi. Njoo na udhu wako."

Aliyefariki ni Maalim Nadhira. Sikumjua, lakini Jang'ombe nzima inamjua, maana watoto wa mtaa wote wamesomea msahafu sebuleni kwake. Mumewe ni Mzee Miraji, fundi makochi aliyeacha kazi kwa macho kudhoofu. Walikuwa na binti mmoja, Yusra. Mlangoni waliweka mbao tuvukie juu ya maji. Mzee Miraji alikuwa kasimama kibarazani na kanzu imelowa mpaka magotini, anawaambia watu waingie ndani wasirowe, mwenyewe haingii.

Nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Maiti anafunikwa shuka, na anaoshwa chini ya shuka hiyohiyo, mkono wa Bi Wanu umevalishwa kitambaa. Hatazamwi, anapapaswa tu. Na Bi Wanu, ambaye nje hana breki, mle ndani alikuwa akizungumza na marehemu peke yake, kwa sauti ya chini, kama anamuogesha mwanawe mwenye homa. "Nnakugeuza sasa, Maalim. Usihofu, nimekushika." Mimi nilimimina maji ya majani ya mkunazi, kidogokidogo, kama nilivyoagizwa.

Nilimimina kwa nguvu mara moja. Shuka ikateleza begani. Juu ya mkono wa kushoto, mahali ambapo nguo ya mwanamke mwenye haya haifunuki, palikuwa na jina. Limechorwa kwa sindano, rangi imefifia, ngozi imelikunja kwa uzee, lakini linasomeka. Jina la mwanamume. Si Miraji.

Bi Wanu aliivuta shuka juu bila ya kukatisha alichokuwa akisema. Hakunitazama. Bi Ulfat alinitazama.

Tulipomaliza, Bi Wanu alinipa sabuni ninawe, akaniambia, "Umemimina vizuri." Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi, sijui kwa nini. Nimemkumbatia Mama, naye akashangaa.

Jumapili, Aprili 20

Mwalimu Haitham karudisha rasimu yangu kwa simu. "Hii ni taarifa ya mkutano, Khairat. Nani alioshwa? Alikuwa mtu wa namna gani? Msomaji asipoona, hatoi." Kisha akanambia nina kipaji na ninakionea haya.

Anasema kweli. Nimezunguka nyumbani siku nzima na lile jina kichwani.

Jumanne, Aprili 22

Nimeyaandika. Makala nimeiita "Mikono ya Mwisho", na sijawahi kuandika kitu kizuri kama hiki. Maalim Nadhira nimembadilisha jina, nimemwita Bi Rehema. Sikuandika jina lililokuwa mkononi, nimesema tu ni la mwanamume, na si la mumewe. Aya inakwisha hivi: "Mwosha maiti aliivuta shuka, na penzi lililojificha chini ya mkono mrefu wa nguo likarudi kujificha." Niliisoma kwa sauti nikalia mwenyewe.

Darasa la sebuleni nimeliacha limo. Mbao za mlangoni nimeziacha, na mzee aliyelowa kanzu. Nikiyaondoa hayo hapabaki mtu, inabaki taarifa ya mkutano.

Jumatano, Aprili 23

Nimekwenda kumsomea Bi Wanu. Miwani yake imevunjika kono, na hata hivyo anapenda kusomewa. Alikaa barazani na miguu kainyoosha, akafumba macho. Alilia kwenye habari za kitanda kibovu, akacheka nilipomwelezea tambuu yake. Adhana ya alasiri ilikuwa karibu na makala ni ndefu. Niliruka aya moja.

"Mashaallah," kasema. "Umetupamba kama maharusi. Peleka."

Nimeipeleka kabla sijafika nyumbani.

Jumamosi, Aprili 26

Sikukuu ya Muungano. Makala imetoka, kwenye ukurasa wa jumuiya na wa chuo. Watu wanaisambaza, simu haitulii. Shadya kasema pomboo wake hawana hadithi. Nimejifanya kumhurumia.

Jumatatu, Aprili 28

Taasisi moja ya Dar imeandika. Wanatoa tangi, na wataliweka wenyewe. Mwalimu Haitham alinisimamisha mbele ya darasa.

Alhamisi, Mei 1

Mama karudi kutoka dukani kwa Mzee Tayabali, alikokwenda kununua kitambaa, na kitambaa hakununua. Kavua buibui, kakaa.

"Kuna habari mjini za mwalimu mmoja wa Jang'ombe," kasema. "Kafa juzijuzi. Wanasema kakutwa na jina la hawara mkononi. Wapo wanaotafuta ni nani. Mle dukani walikuwa wanahesabu wazee wenye majina, huyu, hapana yule. Mmoja anacheka. Nikauliza mmeyapata wapi haya. Wakanipa simu nisome."

Akanitazama.

"Nimesoma jina lako chini yake, Khairat. Nimesema simjui."

Angenipiga ningeshukuru. Kaingia jikoni, nikasikia anachambua mchele kwenye ungo, na sauti ile ya mchele imekuwa ikinikwaruza mpaka sasa. Mama yangu kanikana dukani kwa sababu yangu, na alikuwa na haki.

Najaribu kujiambia kwamba sikumtaja mtu. Lakini watoto wa mtaa mzima waliosomea sebuleni! Mbao za mlangoni! Kipofu angemtambua. Nilijua atatambulika. Sikutaka kujua kwamba nimejua, hiyo ndiyo kweli yenyewe, na naiandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuisema.

Ijumaa, Mei 2

Makala nimeiondoa mtandaoni asubuhi. Haisaidii, watu wameshaipiga picha wakahifadhi.

Jang'ombe nimefika kabla ya sala. Bi Wanu yuko barazani, hana tambuu. Bi Ulfat ana simu mkononi. Aliisoma ile aya yote kwa sauti, polepole, mpaka "likarudi kujificha". Maneno niliyoyalilia kwa uzuri wake nikayasikia kinywani mwake, nikatamani ardhi inimeze.

Bi Wanu kaniuliza, "Siku uliyonsomea, hii ilikuwamo?"

"Ilikuwamo."

"Mbona sikuisikia?"

"Nliiruka, Bi Wanu."

"Uliiruka. Kwa hivyo ulijua."

Haikuwa adhana, wala urefu wa makala. Nilijua angenikataza, na nilikuwa naipenda ile aya kuliko nilivyompenda Maalim Nadhira, kuliko nilivyompenda yeye Bi Wanu. Nilisema "nisamehe" mara nyingi mpaka neno likawa halina ladha.

Bi Ulfat kasema, "Mwambie aende zake." Bi Wanu kasema, "Mwache akae. Mvua hii ataenda wapi?" Nikakaa. Walikata sanda, nikaishika ncha ya kitambaa. Watu walipita njiani na Bi Wanu hakumsema hata mmoja.

Jumapili, Mei 4

Kumefiwa nyumba ya nne kutoka kwa Bi Wanu. Wameleta waosha maiti kutoka Kikwajuni. Walipita mbele ya baraza yake na ndoo zao.

Jumanne, Mei 6

Leo kulikuwa na kisomo cha wanawake kwa Bi Bahia, jirani wa Maalim Nadhira. Bi Wanu kanambia twende. Sikutaka. Kasema, "Utakwenda, na utakaa kimya. Nikikuona unafungua mdomo mimi na wewe basi."

Ukumbi ulijaa. Nilipoingia wanawake walivuta nguo zao nisizikanyage. Yusra alikuwapo, ukutani, macho yamevimba. Baada ya dua, kabla ya sinia kutoka, Bi Wanu kasimama.

"Jamaa, nnaomba mnisikilize. Mdomo wangu nyote mnaujua." Wengine wakacheka kidogo. "Basi umenponza. Hii habari inayotembea, aliyeisema n'mimi. Zamani nilikosha maiti mmoja Pemba, nshamsahau hata jina, ndo aliyekuwa na mchoro ule. Nkamsimulia mtoto huyu katika kupiga soga. Yeye mtoto, kaitia kwenye makala yake, kaichanganya na msiba wa hapa kwa kuwa ndo msiba alouona. Maalim Nadhira nimemkosha kwa mikono hii. Hana kitu. Mwili msafi kama alivyozaliwa. Mwenye kulaumu anilaumu mimi."

Nilihisi pumzi ya ukumbi mzima inashuka. Waliamini, na wangekosaje kuamini? Nani asiyejua kwamba Bi Wanu anasema? Umbea wake wa miaka yote, ule nilioucheka, ndio aliouleta kuwa shahidi wake.

Kisha Bi Bahia, mwenye nyumba, kasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Hata na sisi basi, Bi Wanu, utakuja kutusimulia."

"Ndo hivyo," kasema Bi Wanu, akakaa.

Nilitaka kusimama. Miguu ilikuwa tayari. Bi Ulfat, aliyekaa nyuma yangu, alinibana nyama ya mkono kwa kucha. "Kaa," kaninong'oneza. "Ushafanya ya kutosha."

Nikakaa. Tukala pilau. Mimi nilikula pilau ile, na Bi Wanu mbele yangu anatafuna polepole, na hakuna hata mmoja aliyemkaribisha maji.

Jumatano, Mei 7

Mvua. Sikwenda darasani.

Jumamosi, Mei 10

Tangi limekuja kutoka Dar, jeusi, kubwa. Wameliweka ubavuni mwa nyumba ya Bi Wanu, wakampiga picha kasimama mbele yake. Kaniuliza acheke au asicheke. Limejaa mvua siku hiyohiyo.

Jumatatu, Mei 12

Wanawake wa jumuiya wamekutana bila ya Bi Wanu, Bi Ulfat ndiye aliyenieleza. Wamekubaliana Bi Wanu apumzike. Wanaitwa tena wao, mara mojamoja, kwa sharti kwamba yeye asije. Bi Ulfat kajaribu kumtetea bila ya kuitaja sababu, na mtu hatetewi bila ya sababu.

Nimemkuta Bi Wanu anapanga karafuu maiti kwenye vikopo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikamwambia sitaweza, nitakwenda kusema ukweli kwa kila mtu, na mtandaoni pia.

"Kamwombe radhi Mzee Miraji kwanza," kasema. "Kisha uje unambie kama bado unataka kusema."

Ujasiri wa kwenda bado sina. Najificha nyuma ya mitihani.

Jumamosi, Mei 17

Nimekwenda. Mbao bado ziko mlangoni. Mzee Miraji alikuwa sebuleni peke yake, kwenye kochi alilolitengeneza mwenyewe, pembeni mwa majamvi ya watoto ambayo hakuna aliyeyakunja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. N'nani?"

"Khairat. Ndimi niliyeandika."

"Kaa. Sema polepole, Yusra yumo ndani."

Nilimwambia yote. Kwamba Bi Wanu hakusema neno, kwamba hapana maiti wa Pemba, kwamba niliona mwenyewe kwa kumimina vibaya, nikaandika, nikaificha aya kwa Bi Wanu nilipomsomea. Kwamba nataka kuwaambia watu ili Bi Wanu arudi kwenye kazi yake.

"Wanu kashakuja hapa," kasema. "Kanambia yeye ndiye aliyesema. Nkamwitikia. Wanu kamkosha mamangu, kamkosha dadangu. Angekuwa msemaji wa hayo, ningekwisha kusikia. Lakini hebu nambie, bibi. Utawaambia nini watu? Kwamba maiti wa Pemba hakuwepo?"

"Ndiyo, babu."

"Basi utakuwa ushawaambia ni maiti gani." Aliinua mkono nisimkatize. "Wanu kamfunika kwa nguo yake mwenyewe, kabaki uchi yeye. Sasa wewe unataka kuivuta ile nguo umrejeshee, ili roho yako itulie."

Sikuwa nimeliona hilo. Chuo kizima, vitabu vyote, na sikuliona. Toba niliyoipanga njia nzima nikaiona ilivyo: nilikuwa nataka kusikika tena.

Akaendelea, anatazama mlango na si mimi. "Watu wananionea huruma. Pale msikitini wananipa mkono wa namna nyengine siku hizi. Wanadhani nlikuwa sijui. Mtu uishi na mkeo umri wote ule usiujue mkono wake? Kanambia mwenyewe, hatujaoana bado. Nkamwambia yamepita. Hatukulitaja tena mpaka kafa. Na kwangu mimi alisitiri mengi makubwa kuliko hilo. Sasa nikitaka watu wajue kama nlijua, itanibidi nikae barazani niuzungumze mwili wa mke wangu. Kwa hivyo nabaki kuwa mjinga wao. Si neno."

Nililia. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Kisha alinigeukia na yale macho yake mabovu.

"Na hata sasa unataka kujua ni nani."

"La, babu. Wallahi."

"Usiape."

Niliinamisha kichwa. Nilitaka. Nimekaa mbele ya mtu niliyemvunjia nyumba, machozi bado mashavuni, na ndani yangu kuna kitu kimeinua shingo kinasubiri ateleze ataje. Sijawahi kujichukia hivyo. Aliona, akatikisa kichwa kidogo, kama fundi anayetazama mbao yenye mchwa.

"Mimi nshakusamehe," kasema. "Ya kwake yeye si yangu kuyatoa. Nenda, mvua imepungua."

Yusra alinifungulia mlango. Hakuitika salamu yangu.

Jumanne, Mei 20

Nimekuwa wa kwanza katika mashindano. Nilimwomba Mwalimu Haitham aniondoe. Kaniuliza sababu. Sababu siwezi kuitaja bila ya kumtaja marehemu, nikasema haistahiki. Kasema unyenyekevu ni mzuri lakini nisiuzidishe. Darasa likapiga makofi. Shadya kanibusu. Cheti nimekiweka chini ya godoro, nacho kinalia kila nikijigeuza.

Alhamisi, Mei 22

Jua, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nakwenda Jang'ombe kila alasiri. Bi Wanu hanifukuzi, wala hanipi tena habari za wapita njia. Nilimwambia nilivyoambiwa na Mzee Miraji. Kauliza, "Bado unataka kusema?" Nikamwambia la. Kasema, "Haya. Nipe huo ungo."

Nadhani ananiadhibu kwa kuwa mwema. Huenda hata hafikirii kuniadhibu, na mimi bado najiona ni mtu muhimu katika jambo hili.

Jumatatu, Mei 26

Leo ni arobaini ya Maalim Nadhira. Nilikuwa barazani na Bi Wanu. Hakualikwa. Alivaa nguo za nyumbani na kusema ana mafua.

Wanaume walikuwa wanatoka msikitini baada ya alasiri, njia imejaa. Nikamwona Mzee Miraji anakuja, kanzu nyeupe, kofia, Yusra kamshika mkono kwa ajili ya macho. Nyumbani kwao ni upande wa pili. Alikuja mpaka kwenye baraza yetu, akapapasa ukingo, akakaa. Barazani kwa Bi Wanu! Watu wakapunguza mwendo.

"Wanu," kasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anasikilizwa. "Leo arobaini ya mke wangu. Watu wamejaa nyumbani nawe umekaa hapa. Vipi?"

"Nna mafua, Mzee Miraji."

"Mafua yatakwisha. Aliyemkosha mke wangu hakosekani kwenye arobaini yake. Vaa buibui lako, nnakungoja."

Wanaume walisimama, wakatazamana. Muuza kahawa alimletea kikombe bila ya kuitwa, akanywa taratibu. Bi Wanu alijifuta macho kwa ncha ya kanga, mwanamke ambaye sijamwona akilia ila kwa kitanda kibovu. Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka kavaa buibui jipya. Walikwenda watatu, Mzee katikati, kwa njia ile kubwa, ya mbele, ambayo ni ndefu zaidi.

Mimi nilibaki kulinda nyumba. Hakuna aliyeniambia niende, na sikustahiki.

Jumamosi, Mei 31

Mvua za rasharasha. Bi Wanu kala tambuu leo, na kanambia kwamba yule wa televisheni kaunganishiwa umeme, sasa televisheni imeungua.

Jumanne, Juni 3

Bi Bahia kafiwa na mamake. Asubuhi alikuja mtu mbio barazani, hakumwita Bi Ulfat. "Bi Wanu, Bi Bahia anasema uje wewe. Uje na watu wako."

Nilikuwapo. Nilisimama, nikachukua ndoo na majani ya mkunazi. Tulifika mpaka mlangoni, na Bi Bahia alitupokea bila ya kuinua uso, akamshika Bi Wanu mikono yote miwili. Nikavua viatu.

Bi Wanu aliichukua ndoo mkononi mwangu. Hakuninyang'anya. "Wewe, mwanangu, tuletee maji," kasema. "Huku nje."

Akaingia na Bi Ulfat, pazia likaanguka.

Nimechota tangu hapo mpaka adhuhuri. Tangi letu ni mbali kidogo na nyumba ile, mabega yameniuma. Nafika kwenye pazia, naweka ndoo chini, nabisha ukutani, mkono unatoka unachukua, mkono unatoka unarudisha tupu. Wanawake waliokaa uani walinitazama kila nikipita. Wanajua mimi ni nani, na nusu ya wanayoyajua si kweli, na siwezi kuwasahihisha.

Ndani Bi Wanu alikuwa anazungumza na marehemu. Nilisikia sauti na si maneno. Mara moja sauti ilikatika, kidogo tu, kisha ikaendelea. Nilikuwa nimeshakisogeza kichwa karibu na pazia, sikio limekaa tayari, kabla sijajitambua. Bibi mmoja uani aliniona.

Nilichukua ndoo iliyokuwa tupu na ile ambayo bado ilikuwa na maji, zote mbili, nisiwe na cha kungojea pale, nikarudi tangini.